Watazama-Ndege wa Isiolo Wachangiwe

Wapo watakaocheka wakiombwa kukichangia kikundi cha vijana watazamao ndege huko Isiolo. Watauliza: katika nchi ya ukame, ambamo mifugo hufa kwa kiu, ndege ana faida gani? Swali hilo ni halali, nalo lastahili jibu.

Katika hifadhi ya Shaba huishi kipozamataza wa Williams, ndege mdogo apatikanaye kaskazini mwa Kenya tu. Buffalo Springs yupo mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na mapaja ya kijivu-samawati. Mwaka 2014 BirdLife International ilimtambua kuwa spishi ya pekee. Wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji ataponaje ikiwa kijana wa Isiolo hana hata darubini ya kumwongozea mgeni huyo?

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mchango usiishie kwenye fedha. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002 kinaeleza zaidi ya spishi 1,300 za Afrika Mashariki, lakini kwa Kiingereza. Kiswahili nacho humwita mbuni wa kusini na wa kaskazini kwa jina moja. Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali wameishi na ndege hawa vizazi na vizazi; majina yao yakusanywe, yajadiliwe, kisha yaitajirishe lugha. Vyama vya Kiswahili vyuoni na vianze na darubini moja na daftari moja.