MUSA ALIKUFA, MANA HAIKUKATIKA



Leo nina swali moja kwako. Yule mtumishi aliyekuongoza kwa Yesu akianguka kesho, au akifa, wewe utaendelea kuomba?

Usiharakishe kujibu. Wako walioacha wokovu siku mchungaji wao alipopatikana na aibu. Wako waliomzika mama mwombaji, wakazika na maombi yao papo hapo. Mungu hakuwaacha. Walikuwa wameegemea bega la mtu, na bega lilipoondoka wakaanguka nalo.

Fungua Hesabu 20. Mungu alimwambia Musa auambie mwamba utoe maji. Musa kwa hasira akaupiga kwa fimbo mara mbili. Alikosea. Lakini maji yalitoka kwa wingi! Watu wakanywa, mifugo ikanywa. Mungu hakuacha watoto wafe kiu kwa ajili ya kosa la kiongozi.

Wala hakulifunika kosa lile. Musa alinyimwa kuingia Kanaani. Kwa hiyo usidanganywe kwamba mtumishi akiwa na upako haulizwi maswali. Watu waliponywa, sawa. Maombi yalijibiwa, sawa. Hiyo inaonyesha uaminifu wa Mungu. Maisha ya mtumishi bado yatapimwa kwa Neno. Wakenya hatuwezi kusahau Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu ule kule Kilifi. Sauti ya mtu ikikalia kiti cha Mungu, watu huangamia.

Sasa enda Kumbukumbu la Torati 34. Musa akafa katika nchi ya Moabu akiwa na miaka 120, na Israeli wakamlilia siku 30. Hebu fikiria asubuhi moja ya matanga yale. Mama anatoka hemani, macho yamevimba kwa kulia. Anainama chini, na mana iko pale pale kama jana! Yoshua 5 inatuambia mana ilikoma baada ya kuvuka Yordani, walipokula mazao ya Kanaani. Haikukoma siku Musa alipokufa. Aliyekuwa akiwalisha miaka ile yote hakuwa Musa.

Basi kama umefiwa, lia. Israeli walilia mwezi mzima na Mungu hakuwakemea. Kama umeumizwa na mtumishi, sema ukweli, na usiogope. Lakini usimwache Mungu kwa ajili ya kosa ambalo si lake.

Na mimi ninayekuandikia ni mavumbi. Iko siku mtanisindikiza kwa nyimbo. Jumapili itakayofuata, tafadhali fungueni kanisa mapema, mfanye ibada.

Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, kabla hujamtumia mtu yeyote ombi lako, piga magoti ulitaje mwenyewe kwa jina la Yesu. Pili, mtafute yule ndugu au dada aliyeacha kuja kanisani baada ya kuumizwa. Usiende kubishana naye. Mnywe chai, umsikilize, umwambie Mungu bado anamkumbuka.

Baba, tushike mkono pale mikono ya wanadamu inapotuachilia. Katika jina la Yesu.

Kama unaamini, andika AMINA, kisha umtumie mmoja aliyevunjika moyo.