Deni Lilipwe, Lakini Maafa Yakija Tupewe Pumzi

Dawa ya deni ni kulipa. Wahenga walinena hivyo nami sina nia ya kuwapinga. Pesa wanazorudisha waliotutangulia husaidia kuwakopesha wanaoingia chuo kikuu leo. Lakini jamani, mtu aliyesombewa nyumba na duka atalipa na nini?

Wasomaji wapenzi, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mkopaji hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipolipa, faini imekuwa shilingi 5,000 kila mwezi, mbali na riba. Aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara. Je, aliyefungua kibanda kule Budalang'i, karibu na Mto Nzoia? Mvua za 2024 zilifurisha mito, watu wakahama na magodoro kichwani. Huko Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliua makumi ya watu. Aliyenusurika hapo anatafuta blanketi, si risiti ya benki!

Maoni yangu ni haya: eneo likikumbwa na mafuriko au ukame, wakopaji walioathirika wasimamishiwe malipo kwa miezi sita. Faini isihesabiwe, wala riba isiongezeke. Marekani, wenye mikopo ya serikali kuu walio katika maeneo ya maafa huweza kusimamishiwa malipo hadi miezi 3, ila kwa kawaida riba huendelea. Hapo sisi tusiwaige. Kumwambia mtu apumzike huku deni lake linanenepa si kumsaidia.

Najua kuna watakaosema, "Ah, watu watadanganya tu!" Basi barua ya chifu ina kazi gani? Chifu na wazee wa mtaa wanajua ni boma la nani lililokwenda na maji. Isitoshe, deni halifutwi. Miezi sita ikiisha, mtu anaendelea kulipa kama kawaida.

Wenzangu wa kidato cha nne, mikopo hiyo si mambo ya watu wa mbali. Karibuni ni sisi tutakaoiomba. Waheshimiwa wabunge na waiandike nafuu hii katika sheria, ijulikane kabla mtu hajatia sahihi. Tusingoje mto uvunje kingo ndipo tuanze kubembelezana. Shime, tuseme mapema!