Bonde la Pangani na Majina Tuliyoyaacha



Hapa Najma, katika nchi isiyo na mto hata mmoja, mazungumzo yetu ya baada ya Isha aghalabu huishia mtoni Pangani. Wazee huyasifu maji mapana yapitayo chini ya kilima cha Bweni, minazi iliyoinamia kingo, mikoko, na majahazi yaliyongoja maji kujaa ndipo yaingie. Vijana waliozaliwa huku husikiliza kama wasikiao habari za peponi. Nami nayapenda mazungumzo hayo. Ila naona ni wajibu kusema kwamba tunasimulia nusu.

Mto huo, wenye urefu wa kilomita 500 hivi, hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapita nchi ya Wazigua na Wabondei hadi baharini. Katika karne ya 19 wazee wetu wenye asili ya Oman walilima miwa sehemu za chini za bonde, wakapika sukari iliyouzwa Unguja na Uarabuni. Twajivunia hayo. Twajivunia pia Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewapinga Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kumkumbuka ni haki yetu. Lakini Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Wao ndio waliofyeka, wakakata, wakakesha mbele ya moto wa kuchemshia maji ya miwa. Wako waliotoroka wakajenga vijiji vyao wenyewe. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922.

Wapo wanaosema kwamba hayo yamepita, na kuyafukua ni kuwapa hoja wasiotutakia mema, hasa baada ya yaliyotufika Unguja mwaka 1964. Hofu hiyo naielewa, kwani nimekulia ndani yake. Lakini asiyesema lake husemewa na wengine, na husemewa vibaya.

Tena jambo hili si la watu baki. Nilikuwa karani maisha yangu yote, na karani huiona upesi nafasi iliyoachwa tupu. Katika karatasi ya nasaba yetu majina ya baba yanapanda bila kukatika mpaka Oman. Mahali pa mama yake babu pameandikwa neno moja tu: suria. Sheria ilimpa mwanawe uungwana na fungu la urithi sawa na nduguze. Sisi yeye hatukumpa hata jina. Marehemu bibi yangu aliniambia kwamba alikuwa Mzigua, na kwamba mto ule hakuuita Pangani, bali Ruvu, kama walivyouita kwao.

Basi bonde tunalolililia lilikuwa la kwao kabla halijawa letu, na damu yao imo mwilini mwetu. Kuwataja hakumpunguzii Abushiri ushujaa wake, wala wazee wetu jasho lao. Kunatimiza hesabu tu.

Ombi langu ni moja. Kila mwenye mzee aliye hai, awe Muscat, Tanga au hapa Doha, amuulize wiki hii: mama yake babu aliitwa nani, na alitoka kijiji gani? Aliandike jina hilo katika nasaba, kwa wino uleule wa majina ya baba. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua.

Wabillahi tawfiq.