"Mbaneni Kidogo Tu, Atasema"

Wengi mmezoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumza habari za kuharisha, chanjo na uzazi salama. Mwezi huu tunaomba ruhusa tuzungumze habari ya kosa letu wenyewe. Yule tuliyemkosea ametukubalia tuliandike, ila jina lake na la kijiji chake hatutayataja.

Miaka michache iliyopita, hapa Chemchem, tulikabidhiwa fedha za kikundi cha akina mama wa kanisani, shilingi 240,000, za kununulia vitenge vya sare. Tukaziweka kabatini chini ya kanga. Alhamisi asubuhi tulirudi kutoka zamu ya usiku, tukafungua kabati, hakuna kitu. Nyumbani alikuwapo binti wetu wa kazi peke yake, msichana wa miaka 17. Baba watoto alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Urambo kwa shughuli za tumbaku, na huko alikokwenda simu hazishiki.

Tulimwuliza binti mara ya kwanza, akasema hajui. Tulimwuliza mara ya pili kwa sauti kubwa, akaanza kulia. Kwetu kilio kile kikawa ushahidi. Jirani aliyesikia kelele akasema, "Mabinti wa siku hizi ndivyo walivyo." Haikufika saa nne, tukawa tumemfikisha kituoni. Askari wa zamu alituuliza tunamshuku kwa sababu gani. Tukajibu, "Sasa awe nani mwingine?" Kisha tukasema maneno ambayo hadi leo yanatuchoma: "Mbaneni kidogo tu, atasema." Askari akajibu, "Sista, tuachie."

Na kweli alisema. Ijumaa asubuhi tuliambiwa amekiri, kwamba fedha amezifukia chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Tukachimba, hatukuona kitu. Mchana akasema amempa kijana mmoja wa sokoni. Kijana huyo hakupatikana, kwa sababu hakuwapo. Jioni akataja mahali pa tatu. Hata hapo hatukujiuliza. Mwizi anajua mahali alipoficha. Mtu anayetaja mahali patatu kwa siku moja anatafuta jibu litakalomaliza maumivu.

Jumamosi baba watoto akarudi. Alipoona mashimo chini ya mwembe akauliza kulikoni. Tulipomweleza alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mama watoto, si wewe uliyesema fedha za watu zisilale nyumbani? Nilizipitisha kwa mhazini alfajiri nikienda stendi." Mhazini alikuwa nazo zote. Hatukuwa tumemwuliza, kwa kuwa tuliona aibu akina mama wenzetu wasijue kwamba fedha zimepotea mikononi mwetu.

Tulikwenda kumtoa binti. Nyayo zake zilikuwa zimevimba hata viatu havikuingia. Tumeosha vidonda vya watu kwa miaka zaidi ya 20, lakini siku ile mikono yetu ilitetemeka. Tulipokuwa tunamkanda alituambia taratibu, bila hasira, "Mama, nilikusikia ukisema nibanwe."

Akina mama, tulifuata fomu ya polisi namba 3, ile PF3 tunayoiona kila siku mikononi mwa waliojeruhiwa, ili maumivu yake yaandikwe. Tuliwaandikia malalamiko wakubwa wa kituo, na ndani ya barua tukayaandika pia maneno yetu wenyewe. Hatusemi askari wote wako hivyo. Wapo wanaofanya kazi yao kwa uchaji wa Mungu, na tunawafahamu. Lakini mara nyingi askari anayepiga huwa anasukumwa na raia anayetaka jibu la haraka. Siku ile raia huyo alikuwa sisi.

Baadaye tulianza kuuliza sheria inasemaje, na tukaona aibu kwamba tumeishi umri wote huu bila kujua. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla mahakama haijamtia hatiani, nayo inakataza mateso. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaeleza namna ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Tuyashike haya, kwa maana siku moja atakayeshikwa anaweza kuwa mwanao, mumeo au wewe mwenyewe:

Kwanza, aelezwe anatuhumiwa kosa gani. Pili, anatakiwa kutaja jina na anwani yake. Maswali mengine halazimiki kuyajibu, na ni lazima aambiwe hivyo kabla ya kuhojiwa. Tatu, muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi. Askari anayehusika anaweza kuuongeza hadi saa nane zaidi akiwa na sababu, na ukizidi hapo aombe kwa hakimu. Nne, anayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, ila askari anaweza kuzuia kwa muda akiamini kuwa mawasiliano hayo yatawasaidia wenzake kutoroka au ushahidi kuharibiwa. Tano, atendewe kwa utu, na akiomba matibabu apatiwe. Sita, maelezo yake yaandikwe na asomewe, naye aruhusiwe kusahihisha kabla ya kutia saini. Saba, mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Na kama ni mtoto? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Binti wetu alikuwa mtoto. Mama yake mzazi alipaswa kupewa habari. Sisi ndio tuliokuwa na namba ya simu ya jirani yake, na hatukupiga.

Liko jambo jingine ambalo kila mama anapaswa kulijua. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka upande wa mashitaka uthibitishe kwamba aliyekiri mbele ya polisi alikiri kwa hiari. Maungamo yaliyotolewa kwa kipigo, vitisho au ahadi za uongo si ya hiari. Hivyo anayesema "mbane" anamwonea asiye na hatia, na kama mtu ni mwizi kweli, anaiharibu kesi yake mwenyewe.

Wazee wa huku kwetu wanayo kumbukumbu chungu zaidi. Mwaka 1976, kule Mwanza na Shinyanga, jirani zetu wa kaskazini, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi katika msako wa kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Nia ilikuwa njema, kwani bibi zetu walikuwa wakiuawa, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Sisi wauguzi tunajua kuwa moshi wa jikoni wa miaka 50 unatosha kuyafanya macho kuwa mekundu. Lakini wakati wa kuwahoji watuhumiwa yalitumika mateso, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowahoji. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu yeyote wala hakuwapo. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu kwa kuwa mambo hayo yalitendeka chini ya wizara yake, na viongozi wengine wakajiuzulu pia. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani wakahukumiwa vifungo. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akawa Rais wa nchi hii, na alipofariki Februari 2024 watu wengi walimkumbuka kwa kule kujiuzulu. Ikiwa mtu ambaye hakuwapo aliubeba mzigo ule, sisi tuliyesimama pale kaunta na kusema kwa kinywa chetu tungejitetea kwa lipi?

Msidhani pia kwamba jambo hili ni la polisi peke yao. Huku Unyamwezini na Usukumani sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakasaidia sana dhidi ya wezi wa ng'ombe. Lakini wako wanawake waliochapwa viboko ili wakiri uchawi. Anayekamata, awe na sare au na rungu, hana ruhusa ya kutesa.

Bwana wetu naye alihojiwa. Yohana sura ya 18 inatueleza kuwa mbele ya kuhani mkuu mmoja wa watumishi alimpiga kofi kwa jibu alilotoa. Yesu hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alitaka aonyeshwe ubaya wa maneno yake, na kama haukuwapo, aambiwe kwa nini anapigwa. Kudai ushahidi kabla ya kipigo si kiburi.

Basi tufanyeje? Kitu kikipotea nyumbani, kaa chini kwanza. Uliza watu wote wa nyumba, pamoja na waliosafiri, na usione aibu kuwauliza wa nje. Ukilazimika kwenda kituoni, sema unachokijua tu. Usitaje mtu kwa kuwa ni maskini au mgeni. Mwarifu mzazi wake. Mpelekee chakula. Waambie askari wazi kwamba hutaki apigwe. Na akishikwa mwanao, nenda mara moja na mtu mwingine, uliza jina la askari anayehusika, andika saa aliyokamatwa, ulizia dhamana, nayo haiuzwi. Ukimkuta ameumia, omba PF3 na umpeleke hospitali. Malalamiko yanapokelewa na wakubwa wa polisi na pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiye na fedha za wakili aulizie msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2017.

Binti yule tulimrudisha kwao sisi wenyewe, mimi na baba watoto. Tulipiga magoti mbele ya mama yake. Mama alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilikupa mtoto umtunze. Ulipopoteza fedha zako, mbona hukuniita?" Hatukuwa na jibu. Leo binti ni fundi cherehani, na sare za kikundi chetu ndiye aliyezishona. Alipokuja kutupima vipimo alikunywa chai nasi, lakini alikaa karibu na mlango. Mpaka sasa hukaa hapo kila anapokuja, nasi hatujawahi kumwambia asogee.