DAWA IMO KABATINI, MGONJWA ANALIA



Mwezi uliopita tulikwenda watatu kumtazama mwenzetu aliyelazwa katika hospitali moja. Miaka 22 alipakia mizigo, wala hatukumsikia akilalamika hata siku moja. Sasa alikuwa na saratani ya umio. Chakula hakipiti, ila maji na uji mwepesi kwa taabu. Tulimkuta ameuma shuka.

Tukamwuliza nesi: je, dawa ya maumivu hakuna? Akatujibu, machozi yakimlenga: mofini imo, chupa iko kabatini. Lakini aliyefunzwa kuitumia amehamishwa kwenda kliniki nyingine, na waliobaki wanaogopa kuigusa. Daktari wa kutia sahihi atakuja Jumatatu, saa tatu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa tisa mchana. Hesabuni wenyewe, ndugu: saa 66.

Hatumlaumu nesi yule. Twawalaumu wanaopanga kazi. Ni tajiri gani mwenye akili anunuaye mtambo, akamfunza mtu mmoja tu kuuendesha, kisha akamtoa mtu huyo na kumpeleka bohari? Mtambo ukisimama siku moja atapiga kelele. Mgonjwa akiteseka siku tatu, kimya!

Wengine husema mofini itamfanya mgonjwa awe mlevi wa dawa. Hayo ni maneno ya mtu asiyefunzwa. Mofini ya maji hunywewa kwa kipimo, kila baada ya saa 4, bila kungoja mpaka mtu alie. Huanzwa kidogo, ikaongezwa kwa kufuata maumivu, na pamoja nayo hutolewa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Tena kazi haiishi kwenye chupa: kuna kuosha kidonda, kumwambia mgonjwa kweli kwa upole, na kuwaonyesha jamaa zake namna ya kumtunza nyumbani. Hiyo ndiyo tiba shufaa: kumwondolea mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, hata kama hatapona. Ni ufundi, na ufundi hufunzwa.

Wala tusidanganywe kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Jirani zetu wa Uganda walianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakachanganya unga wa mofini na maji, dawa ya bei nafuu. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu manesi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo kuandika mofini wenyewe. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia tiba shufaa iingizwe katika masomo ya watu wa afya. Basi maneno yapo, na chupa ipo. Kinachokosekana ni mikono iliyofunzwa na mtu wa kuhesabu.

Wala hatuombi sadaka. Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Kwa hiyo twataka:

1. Kila nesi na tabibu wa wodi afunzwe tiba shufaa kwa wakati wa kazi, mshahara wake ukiwa kamili. Na walio vyuoni waitahiniwe.

2. Aliyefunzwa asihamishwe kabla ya kuwafunza wengine. Kila zamu, hata usiku na Jumapili, awepo mmoja mwenye ujuzi na ruhusa ya kutoa dawa.

3. Maumivu yaulizwe kila zamu, toka 0 mpaka 10, na yaandikwe katika karatasi ya mgonjwa kama homa iandikwavyo.

4. Kila mwisho wa mwezi hesabu isomwe mbele ya wote: wangapi walikuwa na maumivu makali, wangapi walipata dawa, walingoja saa ngapi. Penye kosa parekebishwe, na mwezi ufuatao pahesabiwe tena. Masomo bila hesabu ni cheti cha kupamba ukuta.

Watakuwapo watakaouliza: chama kinatafuta nini hospitalini? Tunawajibu: nesi ni mfanyi kazi, na mgonjwa yule ni mfanyi kazi. Kumpa mtu kazi ngumu bila kumfunza ni kumwonea nesi; na anayelipia uonevu huo ni mgonjwa.

Mwenzetu alipata dawa yake Jumatatu. Usiku ule alilala. Jumanne alituuliza habari za kazini, nani yupo, nani ameachishwa. Wiki ya pili alifariki, uso wake umetulia. Dawa ilifanya kazi yake. Lakini zile saa 66 hakuna awezaye kumrudishia.

Ndugu, yalete maneno haya katika mkutano wa tawi lako. Umoja ni nguvu.