Samaki Hawakuhama, Tuliwabomolea

“Samaki wamehama.” Kauli hii imekuwa jibu la kila swali kuhusu bahari yetu. Mvuvi anayeopoa dema tupu huitamka, mchuuzi anayepandisha bei huirudia, na mgombea akipanda jukwaani huijengea ahadi: kwa kuwa samaki wamekwenda kina kirefu, nichagueni niwaletee boti kubwa za kuwafuata. Imezoeleka kiasi kwamba anayeipinga huonekana amewakosea heshima wazee waliozaliwa na bahari. Mimi naipinga. Kwa sehemu kubwa ya samaki wanaotoka mwambani na kwenye majani ya bahari, kauli hii si kweli, na kadiri tunavyoendelea kuiamini ndivyo samaki wanavyozidi kupungua.

Wanaoisema wana haki yao katika jambo moja. Wapo samaki wanaohama kweli. Jodari na nguru hawana kwao maalumu, hufuata chakula na mikondo, na kila mvuvi anajua kwamba kaskazi ina samaki wake na kusi ina wake. Joto la bahari nalo linazisukuma baadhi ya aina kubadili maeneo. Mzee anayesema jodari wamepita anasema anachokijua. Kosa huanza pale tabia ya jodari inapobandikwa kwa changu, tasi, pono na chewa.

Mtazame tasi, ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita tafi. Chakula chake ni majani ya bahari na mwani. Majani ya bahari ni mimea kamili, yenye mizizi na maua, na hayaoti mahali jua lisipofika. Matumbawe yanayojenga miamba yetu nayo hulishwa na viumbe vidogo sana vinavyoishi ndani ya miili yao, navyo vinahitaji mwanga kutengeneza chakula. Sasa, ukiacha mkondo wa Unguja na eneo la Mafia, ambako sakafu ya bahari imetandaa, pwani yetu inazama haraka. Kilomita chache kutoka ufukweni maji yanapita kina cha mita 200, na kati ya Pemba na bara yanafika mamia ya mita. Huko chini ni giza na baridi, jani haliko, wala mwamba ambao pono anaweza kuukwangua. Tasi aliyehamia huko anakula nini? Swali hili jepesi lingetosha kuimaliza kauli yote, ila halijaulizwa, kwa sababu elimu ya samaki katika shule zetu inaishia kwenye mchoro wa matamvua na mapezi.

Upo ushahidi mzito zaidi, na umetoka katika pwani yetu wenyewe. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vya sikio vinavyokua tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti, na kila tabaka hubaki na alama za kikemikali za maji na chakula cha wakati ule. Anayejua kuvisoma anaweza kusema samaki mkubwa aliyevuliwa leo alikulia wapi. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulivisoma vijiwe hivyo katika aina tatu za samaki. Wa kwanza ni yule wa ukoo wa chazanda mwenye mistari ya njano na doa jeusi ubavuni: asilimia 99 ya wakubwa waliovuliwa kwenye miamba ya nje walikuwa wamepitia mikokoni walipokuwa wadogo. Wa pili ni changu mwenye doa. Asilimia 53 ya wale waliokutwa mwambani walikulia kwenye majani ya bahari, na asilimia 29 mikokoni. Wa tatu, changu wa aina nyingine, alionyesha kinyume, kwani kati ya asilimia 65 na 72 walianza maisha yao mwambani moja kwa moja.

Nimezitaja hesabu hizi zote, pamoja na ile isiyonisaidia, kwa sababu zinaeleza jambo ambalo siasa zetu za uvuvi hazijaligusa. Kila aina ina makazi yake ya utotoni na njia yake ya kukua. Safari ipo kweli, lakini ni fupi: kutoka mikokoni hadi kwenye majani, kutoka kwenye majani hadi mwambani. Ukikata mikoko ya hori moja ili uchimbe mashimo ya chumvi, umewaondoa samaki wa mwamba ambao hata hukuwahi kuwaona wakiwa wadogo, na miaka michache baadaye mvuvi wa mwamba ule atasema wamehama. Hawakuhama. Hawakufika.

Njia hiyo tumeikata kila mahali. Mikoko inaliwa na matanuri ya chokaa, mkaa na boriti. Juya la kukokota linapita juu ya majani ya bahari mara nyingi hadi linayang’oa, na nyuma yake vyandarua vinakusanya vichanga ambavyo havijapata hata rangi ya wazazi wao. Na baruti, hiyo aibu yetu ya miaka mingi! Mwaka 2015 watafiti waliopita pwani yote ya Tanzania wakiburuta vinasa sauti majini walithibitisha milipuko 318 katika safari moja, na karibu asilimia 62 yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Joto la mwaka 1998, lililoua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi magharibi, hatukulileta sisi peke yetu. Lakini mwamba uliokufa ukiwa umesimama unaweza kuota tena. Uliopigwa baruti hubaki kifusi kinachobiringishwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati pa kushika.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa maeneo yaliyofungwa. Mwamba wa Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994. Kuruwitu katika kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana kuacha kuvua katika kipande cha takriban hekta 30. Ndani ya maeneo hayo chewa ni wakubwa, pono wanapita makundi kwa makundi, na wakiongezeka wanamwagikia nje ambako wavuvi wanawapata. Mpaka wenyewe ni mstari tu wa maboya. Wanaosema samaki walikimbilia kina kirefu watueleze: hawa wa Kuruwitu walitoka wapi, na kwa nini jirani zao, mwendo mfupi tu wa kuogelea, hawapo?

Jingine lilionekana kwenye miamba ya Kenya. Pale kikande walipovuliwa hadi kuadimika, wale wanyama wa mviringo wenye miiba inayochoma nyayo waliongezeka kupita kiasi, kwa sababu kikande ndiye aliyekuwa akiwala. Walipoongezeka waliukwangua mwamba usiku na mchana mpaka ukaanza kumomonyoka. Ondoa samaki mmoja ambaye sokoni hathaminiwi sana, na nyumba ya wote inapungua. Chewa naye ana siri yake. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa jike, kisha huwa dume zikikua. Anayevua wakubwa tu, akidhani anawaacha wadogo wazaliane, anayamaliza madume. Mambo haya hayaonekani kutoka juu ya ngalawa, na hakuna mzee wa kulaumiwa kwa kutoyaona. Wa kulaumiwa ni yule aliyeyasoma kisha akapanda jukwaani na kuahidi injini.

Na kina kirefu tumekwisha kukijaribu. Tanga, nyavu za jarife zilipotegwa chini zaidi kuliko zamani, kuanzia mwaka 2003 zilianza kupandisha silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Anazaa watoto wachache baada ya kubeba mimba muda mrefu, na nyama yake haina thamani sokoni. Serikali ikaanzisha hifadhi kwa ajili yake mwaka 2009, na ilifanya vyema. Lakini tulizingatie lililotokea: tulishuka chini kuwatafuta waliohama, tukakutana na mwenyeji wa huko, aliyekuwa kwake siku zote. Changu wetu hawakuwepo.

Imani hii inadumu kwa sababu inamnufaisha kila mtu isipokuwa bahari. Mwenye juya anapona lawama. Mwenye tanuri hatajwi. Ofisi haina haja ya kuhesabu kitu ambacho kimeondoka, na muuza injini anapata wateja wanaokopa, wanachoma mafuta mengi zaidi na kurudi na kapu lilelile. Sipingi boti za jodari. Jodari yuko nje huko na meli za mbali zinamvua, nasi tuna haki ya fungu letu. Ninachopinga ni kuzitumia boti hizo kama kisingizio cha kuzika habari ya mwamba na mikoko.

Taasisi za kuchunguza tunazo. Ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ipo tangu 1978. Kenya walianzisha KMFRI mwaka 1979 na Tanzania TAFIRI mwaka 1980. Kazi nyingi nzuri zimefanyika, lakini matokeo yake yanaandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wachache, huku diko ambako samaki walipimwa halipati hata karatasi moja. Mvuvi aliyemwonyesha mtafiti mahali tasi wanapotagia ana haki ya kuambiwa kilichopatikana. Na mtafiti anayemwona mvuvi kama mbeba ndoo anajinyima elimu ya maji na misimu isiyo katika kitabu chochote.

Kwa hiyo nina ombi kwa wapiga kura wa pwani. Diwani atakayekuja kuomba kura kwa ahadi ya boti mpya, mwulizeni kwanza mikoko ya kata yake imebaki hekta ngapi, majani ya bahari yako wapi, samaki wanaoshushwa dikoni wana urefu gani na ni nani anayewapima. Akijibu kwamba samaki wamehama, msimpe kura.