Nyumba yenye mabawa

Nyie mnaonung'unikia wenye nyumba wenu, wiki hii nawaletea masharti ya upangaji ambayo hamjawahi kuyasikia. Kule Kinderdijk, kijiji kisicho mbali na Rotterdam, Uholanzi, kuna vinu vya upepo 19, vingi vilijengwa kati ya mwaka 1738 na 1740. Watu wanaishi humo mpaka leo, wanapika na kulea watoto. Ila kulipa kodi hakutoshi. Mpangaji awe amesomea kazi ya kinu, na akizungushe!

Msidhani wanasaga unga. Kazi ya vinu hivi ilikuwa maji. Ardhi ya pale iko chini mno, ukiiachia hivi hivi inageuka ziwa. Mabawa yakishika upepo, gurudumu huko chini linapandisha maji toka mifereji ya mashambani, yakaishie mtoni. Baadaye zikaja pampu za mafuta na umeme, mzee kinu akastaafishwa. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili mafuta yalipoadimika, nani aliitwa tena kazini? Yeye huyo huyo.

Sisi tukisikia jengo limehifadhiwa, tunajua ni kufuli, kibao cha "usiguse" na mlinzi anayesinzia. Kinu ukikifanyia hivyo umekiua. Kikisimama tu, mvua inapiga upande ule ule na mbao zinaoza. Ndiyo maana mwaka 1972 Waholanzi walianzisha chama cha waendesha vinu wa kujitolea. UNESCO iliweka Kinderdijk kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, halafu mwaka 2017 ikautambua na ufundi wenyewe wa kuendesha vinu. Hapo mimi nawavulia kofia.

Na upepo nao unalindwa, jamani! Ukitaka kupandisha ghorofa jirani na kinu, utaulizwa kwanza kama hutakiziba pumzi.

Mabawa hayo yanasema pia. Bawa la juu likisimamishwa kabla halijafika kileleni, kuna furaha, labda harusi. Likiwa limepita kidogo, ni msiba. Tarehe 23 Julai 2014 vinu vya Uholanzi vilisimamishwa namna hiyo ya pili, kuwaombolezea watu 298 waliokufa kwenye ndege ya Malaysia iliyotunguliwa Ukraine siku sita kabla.